Karen Blixen na Mbwa Wake Safarini: Majina Yaliyobaki na Majina Yaliyopotea

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba safari ni hatua. Hawakutuambia, hata hivyo, ni nani anayezihesabu hatua hizo wala ni nani anayekumbukwa safari inapokwisha. Siku hizi wako wasafiri, hasa wa Ulaya na Marekani, wanaosafiri kwa magari makubwa yenye vitanda na jiko ndani, wakiandamana na mbwa wao wakubwa. Wengi wetu huliona jambo hilo kuwa geni. Kwetu Gesima, katika Kaunti ya Nyamira, mbwa, au esese kwa Ekegusii, ni mlinzi wa boma. Hulala nje, hula makombo na hubweka usiku mgeni apitapo. Kumpakia garini na kumpeleka matembezini ni desturi ambayo wazee wetu wangeicheka.

Hata hivyo, desturi hiyo ina historia ndefu katika Afrika Mashariki kuliko tunavyodhani. Kabla ya gari la petroli kuenea, palikuwa na gari la kukokotwa na maksai, lililobeba chakula, vyombo na malazi ya msafiri kwa wiki nyingi. Mmoja wa watu mashuhuri waliosafiri kwa msafara wa magari hayo, huku mbwa mkubwa akitembea ubavuni pake, ni mwandishi Karen Blixen wa Denmark, aliyeishi Kenya kuanzia 1914 hadi 1931. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kuifuata njia ya mbwa huyo. Lengo ni kuonyesha kwamba mapenzi ya mtu kwa mnyama wake yanaweza kuwa ya kweli kabisa, na bado yakatufunulia ni akina nani ambao hawakuhesabiwa.

Kuzaliwa na Kuja Afrika

Karen Dinesen alizaliwa tarehe 17 Aprili 1885 huko Rungstedlund, katika pwani ya kaskazini ya jiji la Copenhagen. Baba yake, Wilhelm Dinesen, alikuwa mwanajeshi, mwindaji na mwandishi. Alijiua mwaka 1895, binti yake akiwa na umri wa miaka 10 hivi, na pigo hilo lilimwachia Karen pengo lililodumu. Kutoka kwa baba huyo alirithi mapenzi ya pori, silaha, wanyama na masimulizi. Jamii ya mama yake, akina Westenholz, ilikuwa ya wafanyabiashara wenye mali, na ndiyo iliyotoa fedha za kununulia shamba la kahawa barani Afrika.

Alichumbiwa na Bror von Blixen-Finecke, kabaila wa Uswidi aliyekuwa jamaa yake, na wawili hao wakaafikiana kuja kulima katika himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki. Karen alisafiri kwa meli iliyoitwa Admiral, na humo akafahamiana na afisa wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa akienda kuongoza majeshi ya koloni la Wajerumani, ambalo sehemu yake kubwa leo imo katika Tanzania. Urafiki huo wa melini ungemletea shida baada ya miezi michache tu. Aliolewa Mombasa tarehe 14 Januari 1914, naye Farah Aden, Msomali aliyekuwa msimamizi wa nyumba yake, akaanza utumishi ambao haungekoma hadi siku ya kuagana.

Miongoni mwa zawadi za arusi alizokuja nazo alikuwamo mbwa aliyeitwa Dusk, jina la Kiingereza lenye maana ya utusitusi wa jioni. Dusk alikuwa wa jamii ya mbwa wa Uskoti waliozalishwa kwa karne nyingi ili kuwinda kulungu. Mbwa dume wa jamii hiyo hufikia kimo cha sentimita 76 au zaidi begani na uzito wa takriban kilo 45. Ana manyoya makavu ya kijivu na miguu mirefu, na huwinda kwa macho zaidi kuliko kwa pua. Ni mnyama wa mbio na wa nyika iliyo wazi. Mbwa wa namna hiyo hafugwi uani akaridhika, sharti atembee.

Safari ya Magari ya Maksai

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka Agosti 1914, Waswidi waliokuwa Kenya walitazamwa kwa shaka na majirani wao Waingereza. Bror na wenzake walijitolea kufanya upelelezi mpakani chini ya Lord Delamere, labda kwa kuamini kwamba tendo lingesema kuliko maneno. Wanawake Wazungu waliobaki mashambani walikuwa wakusanywe Nairobi kwa usalama wao. Karen hakuipenda rai hiyo, akahamia stesheni ya reli ya Kijabe, ambako mizigo ya jeshi ilipokelewa na kusafirishwa kuelekea kusini.

Ujumbe ulipofika kutoka kwa mumewe kwamba magari manne ya maksai yapelekwe mpakani yakiongozwa na Mzungu, kijana wa Afrika Kusini aliyetarajiwa kuyaongoza alikamatwa kwa kudhaniwa kuwa Mjerumani. Karen akaishika nafasi hiyo mwenyewe. Kila gari lilivutwa na maksai 16. Msafara ulikuwa na vijana 21 wa Kikuyu pamoja na Wasomali watatu: Farah, mbeba bunduki aliyeitwa Ismail, na mpishi mzee aliyeitwa Ismail pia. Dusk alitembea kando ya bibi yake. Waliteremka katika nchi ya Wamaasai, wakivuka mito na nyika, na walikaa njiani kwa muda wa miezi mitatu.

Anayewaza kwamba kusafiri na mbwa mkubwa ni starehe tupu na aufikirie mwendo huo. Maksai husafiri vyema wakati wa ubaridi na hufunguliwa nira jua linapokuwa kali. Mbwa mwenye manyoya marefu, aliyezaliwa katika nchi ya baridi, huumizwa na joto kabla ya binadamu. Mfano mashuhuri ni ule wa Henry Morton Stanley. Aliondoka Bagamoyo Novemba 1874 na mbwa kadhaa kutoka Uingereza, na mmoja wao, Castor, alikufa kwa joto mwanzoni kabisa mwa safari. Juu ya joto kuna kupe, uhaba wa maji, na chui ambaye humpenda mbwa kuliko mawindo mengi. Dusk alivuka miezi hiyo salama kwa sababu palikuwa na watu wa kuchota maji, wa kuwasha moto usiku na wa kujenga ua wa miiba kuyazunguka magari.

Hatari zenyewe zilikuwa za kweli. Wakati mmoja simba waliwarukia maksai na bunduki hazikuwa karibu. Karen aliwafukuza kwa mjeledi wa kuendeshea maksai, na kisa hicho kikawa sehemu ya sifa zake maishani mwake mwote. Yeye mwenyewe aliikumbuka safari hiyo kama kipindi cha furaha kuu. Aliona kwamba njiani, mbali na majumba na vyeo vya Nairobi, alikuwa karibu na wenzake wa msafara kuliko alivyokuwa karibu na Wazungu wenziwe.

Vita Vilevile, Upande wa Kisii

Yafaa hapa tuyageuze macho kuelekea magharibi, kwa kuwa msomaji wa Gesima ana kumbukumbu nyingine ya miezi hiyohiyo. Magari ya Karen yalipokuwa yakisaga mawe katika nchi ya Wamaasai, vita vilikuwa vimekwisha kufika kwetu. Wajerumani walivuka mpaka wakaingia mji wa Kisii, na tarehe 12 Septemba 1914 wakapigana humo na vikosi vya Waingereza. Katika vurugu hizo wenyeji walipora maduka na ofisi za utawala uliokuwa umeukimbia mji. Serikali iliporejea iliwaadhibu Abagusii kwa ukali, na mifugo mingi ikatwaliwa.

Baadaye vita vilipoingia kusini, ambako mbung'o na maradhi viliwaua maksai kwa wingi, mizigo ilihamia vichwani mwa watu. Vijana wa Nyanza, wakiwamo wa Kisii, waliandikishwa pamoja na wa sehemu nyingine katika kikosi cha wapagazi. Kikosi hicho kimeacha jina lake katika mitaa ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na utapiamlo kuliko kwa risasi. Kwa hiyo, tunaposoma kuhusu magari manne, maksai 64 na mbwa mmoja mzuri, tukumbuke kwamba hiyo ilikuwa asubuhi ya vita. Mchana wake ulikuwa wa mabega ya watu.

Lugha ya Njiani na Namba Iliyokosekana

Jambo litakalowavutia zaidi wanafunzi wa Kiswahili ni lugha iliyouendesha msafara huo. Mdenmark, Wasomali na Wakikuyu wangeelewana kwa lugha gani kama si Kiswahili? Blixen alijifunza Kiswahili cha mashambani, kile ambacho wanaisimu wamekiita Kisetla, chenye sarufi iliyopunguzwa na amri nyingi. Hakikuwa Kiswahili cha Lamu wala cha Unguja, lakini ndicho alichotumia kila siku kwa miaka 17.

Katika kitabu chake anasimulia kisa kimoja cha kuchekesha kuhusu siku zake za mwanzo. Kijana mmoja wa Uswidi, mwenye haya nyingi, alikuwa akimfundisha kuhesabu kwa Kiswahili. Alipofika nane alisita, kisha akarukia kumi. Sababu yake ni kwamba neno tisa, kwa sikio la Mswidi, linakaribia neno la aibu katika lugha yao. Badala ya kulitamka mbele ya bibi, alidai kwamba Kiswahili hakina namba hiyo kabisa, wala kumi na tisa, wala tisini. Kwa muda Blixen akaamini kwamba watu wa nchi hii wana hesabu isiyo na tisa, na akastaajabia akili ya watu waliobuni mfumo kama huo.

Kisa hiki kinachekesha, lakini kina funzo la kiisimu na la kijamii. Tisa ni neno lenye asili ya Kiarabu. Kiswahili kina neno jingine la asili ya Kibantu, nalo ni kenda. Laiti kijana yule angelijua, haya yake isingehitaji uongo. Kenda ndilo neno la Wakikuyu pia, na sisi Abagusii tunasema kianda. Kila kijana miongoni mwa wale 21 waliotembea na magari alikuwa na namba hiyo kinywani mwake tangu utoto. Ilitosha kuwauliza. Pengo halikuwa katika lugha bali katika aibu ya msimulizi, na msikilizaji akaligeuza pengo hilo kuwa ajabu ya Afrika. Ni mara ngapi historia yetu imeandikwa kwa njia hiyo?

Ngong: Mbwa, Mpishi na Shamba

Baada ya vita maisha ya Blixen yalijikita katika shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, lenye eneo la takriban ekari 6,000. Sehemu yake ilikaliwa na familia za Wakikuyu zilizohesabiwa kuwa maskwota katika ardhi ambayo baadhi yao waliijua kabla ya mkoloni. Kahawa haikustawi vizuri, kwa kuwa mahali penyewe palikuwa juu mno kwa zao hilo. Ndoa nayo ilivunjika. Yeye na Bror walitalikiana mwaka 1925. Aliugua kaswende aliyoambukizwa mapema katika ndoa, na alisumbuliwa na afya mbaya hadi mwisho wa uhai wake.

Dusk hakuyaona hayo yote. Miaka michache baada ya safari ya magari, aliuawa na pundamilia. Mbwa aliyenusurika simba na chui katika msafara wa vita alikufa kwa teke la mnyama alaye majani. Aliacha wana, na wawili kati yao waliishi nyumbani humo pamoja na Lulu, paa maarufu wa masimulizi ya Blixen.

Mbwa hao walikuwa na mtunzaji. Kamante Gatura, mtoto wa Kikuyu aliyekuwa na vidonda vibaya miguuni, alitibiwa katika hospitali ya misheni ya Waskoti huko Kikuyu kwa juhudi za Blixen, kisha akaajiriwa nyumbani kwake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwahudumia mbwa. Cheo chake kiliundwa kwa kuunganisha neno la Kiingereza la mbwa na neno la Kiswahili toto, kana kwamba m- ya mtoto, kiambishi cha ngeli ya watu, imedondoka njiani. Baadaye akawa msaidizi wa kutibu wagonjwa, na hatimaye mpishi hodari aliyesifiwa na wageni wakubwa. Mwaka 1975 masimulizi na michoro ya Kamante mwenyewe ilichapishwa katika kitabu, miaka 38 baada ya kitabu cha bibi yake.

Kuondoka na Kuandika

Mwaka 1931 mambo yaliharibika kwa pamoja. Kampuni iliyomiliki shamba iliuza ardhi yote, na tarehe 14 Mei mwaka huohuo rafiki yake mpenzi, Denys Finch Hatton, alikufa katika ajali ya ndege huko Voi. Kabla ya kuondoka, Blixen alifanya jambo ambalo haki yatutaka tulitaje. Alizunguka katika ofisi za serikali akiomba maskwota wake wasitawanywe, bali wapewe mahali pa kuishi pamoja, na ombi hilo likakubaliwa kwa kutengewa ardhi katika msitu wa Dagoretti. Ni wachache miongoni mwa walowezi waliojisumbua hivyo.

Alirudi Rungstedlund bila fedha, bila afya na bila mume. Huko alichapisha kitabu chake cha kwanza cha hadithi kwa Kiingereza, mwaka 1934, kwa jina la Isak Dinesen. Mwaka 1937 kilifuata Out of Africa, kitabu kilichomletea umaarufu wa dunia nzima na ambacho kilizaa filamu mwaka 1985. Alifariki tarehe 7 Septemba 1962 na kuzikwa chini ya mti katika ardhi ya nyumbani kwao. Nyumba yake ya Ngong ikawa makumbusho mwaka 1986, na mtaa wa Nairobi uliochipuka katika shamba lake unaitwa Karen.

Tathmini

Wapo wanaomsoma Blixen kama rafiki wa Waafrika, na wapo wanaomsoma kama mlowezi aliyewapamba watu aliowatawala. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika mhadhara alioutoa Denmark mwaka 1980 na ambao umo katika kitabu chake Moving the Centre (1993), alikuwa mkali. Kichwa cha mhadhara huo kiliwataja mpishi na mbwa wa Blixen pamoja, kwa sababu hoja ya Ngũgĩ ilikuwa kwamba Blixen alimpenda Mwafrika kwa namna ileile aliyompenda mnyama: kwa huruma, kwa mshangao, na kutoka juu.

Safari ya mwaka 1914 inatusaidia kuipima hoja hiyo bila jazba. Hakuna aliye na haki ya kumlaumu mtu kwa kumpenda mbwa wake. Mnyama anayetembea nasi hututegemea kwa maji, kivuli na ulinzi, na msafiri asiyeyajali hayo ni mkatili. Blixen alimjali Dusk, na alimlilia. Lakini tazameni orodha ya msafara jinsi alivyoiandika: Farah anatajwa kwa jina, Ismail wawili wanatajwa kwa majina, na mbwa anatajwa kwa jina. Vijana wa Kikuyu wanatajwa kwa idadi. Hao ndio waliofunga nira alfajiri na kuifungua mchana. Hao ndio waliokata miiba ya ua ambamo mbwa alilala salama. Wasomaji wa dunia nzima wanamjua Dusk, lakini ni nani amjuaye hata mmoja kati ya wale 21?

Haitoshi kulijibu jambo hili kwa kusema kwamba mwandishi huandika anachokikumbuka. Ni kweli, lakini kumbukumbu hufuata thamani. Tunamkumbuka kwa jina yule ambaye kumpoteza kungetuuma. Ndiyo maana kosa la orodha hiyo si la moyo mbaya. Ni la mfumo uliomfanya mtu mwema aweze kuishi miezi mitatu porini na vijana 21, awapende, afurahi kuwa nao, na bado awaache katika maandishi yake kama tarakimu.

Hitimisho

Maisha ya Karen Blixen yana mafunzo kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Kwanza, yanaonyesha kwamba lugha yetu ilikuwa daraja la msafara hata pale ambapo si mabwana wala watumishi walioizaliwa, na kwamba historia ya Kisetla ingali inahitaji watafiti. Pili, yanatufundisha kusoma wasifu wa watu mashuhuri kwa kuangalia pembeni mwa picha: ni nani aliyeshika hatamu, ni nani aliyechota maji, ni nani aliyemlisha mbwa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, yanatukabidhi kazi. Wapo katika Gesima, Keroka, Nyansiongo na kwingineko wajukuu wa watu waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi na katika kikosi cha wapagazi. Wanayo majina ambayo hayamo katika kitabu chochote. Mwanafunzi atakayewaendea wazee hao akiwa na daftari na kuwauliza babu zao waliitwa nani, walitembea njia zipi na walibeba nini, atakuwa amejaza pengo katika hesabu. Kenda ipo, kianda ipo, na wenye kuijua bado wapo, wanangoja kuulizwa.